Hodi ya Nne

Fundi alikuwa akivua viatu kabla ya kuingia chumba cha mashine. Alivivua kama mtu anayeingia msikitini, cha kushoto kwanza, akavipanga ukutani. Siku moja Mkuu wetu wa ofisi alikuja na viatu vyake vya ngozi, Fundi akamsimamisha mlangoni akamwambia kwa upole, "Mkuu, mashine inakuomba radhi." Mkuu akavua. Ndivyo alivyokuwa Fundi, hakuamuru mtu, ila ulijikuta tu uko peku.

Kazaliwa mwaka gani, baba yake nani, mie sijui, na sitajifanya najua. Nilifanya kazi naye miaka tisa pale Mkoani, chini ya paa moja, na katika miaka tisa hiyo nililolijua la kwao ni kuwa anatoka Chokocho na kwamba ana mama. Hata hilo la mama nililijua vizuri mama alipofariki. Sijivunii, lakini ndio ukweli, na nisipouanza nao nitakuwa nawadanganya.

Ofisi yetu ilikuwa ya kichocho. Tulikwenda skuli moja baada ya nyingine, watoto wakapimwa, wenye ugonjwa wakapewa vidonge, na kila jina likaandikwa: nani kapimwa, nani kanywa, nani arudiwe. Majina hayo yote yaliishi ndani ya mashine moja tu, sanduku zito la rangi ya majivu lililoletwa na mradi, likiendeshwa na mfumo uitwao Unix. Kompyuta zetu za mezani zilikuwa kama watoto wanaotumwa dukani; duka lenyewe lilikuwa lile sanduku. Mie nilikuwa mpiga chapa, naingiza majina. Fundi ndiye aliyekuwa mwenye sanduku.

Katika mashine za namna ile kuna mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, anayeweza kuwasha, kuzima, kufuta na kumfukuza kila mtu. Kwa lugha ya kazi anaitwa ruti. Fundi alimwita mwenye nyumba. Neno la siri la mwenye nyumba alilijua yeye peke yake, na alilibadilisha kila mwezi ukiandama. Ukimuuliza kwa nini halipo mahali limeandikwa, alijibu jibu lile lile: "Siri hailali kwenye karatasi, binti."

Msemo wake mwingine ulikuwa, "Mashine haikasiriki, inakataa tu." Aliusema kila mtu alipokuja analalamika, na walikuwa wengi. Lakini uliokuwa wake hasa ulikuwa wa hodi. Yeye ndiye aliyeipanga mashine kwamba ukikosea neno la siri mara tatu, akaunti yako inajifunga, na ikishajifunga hata uje na neno la kweli haikusikilizi tena mpaka mwenye nyumba akufungulie. Watu walinung'unika. Bi wa dawa, mwenzetu aliyekuwa akishughulika na vidonge, alikuwa na vidole vinene na haraka nyingi, akijifungia kila wiki. Alimwendea Fundi akamwomba, "Tuongezee basi, iwe tano." Fundi akatikisa kichwa. "Hodi ni tatu, Bi. Ukibisha tatu usijibiwe, rudi kwako. Hata Waislamu wenzako ndivyo walivyofunzwa."

"Mie nabisha kwangu mwenyewe," akasema Bi wa dawa.

"Basi jifunze kubisha."

Tulicheka siku hiyo, na Fundi naye alicheka, jambo la nadra.

Walisema hapendi watu. Mie pia nilisema, kwa sababu ukikaa ofisini unasema wanayosema wenzio. Lakini mtazame mtu kwa vitendo vyake. Chumba kile kilikuwa na kipoza hewa, pekee katika jengo zima, na sheria ya kipoza hewa ni mlango ufungwe. Fundi akiuweka wazi. Aliokota jiwe pwani, la matumbawe, akaliweka chini ya mlango usijirudishe, kisha akakaa ndani akilalamika kuwa baridi inatoka na watu wanamsumbua. Hakuna aliyekuwa akimsumbua. Na kila asubuhi alikuja na chupa ya chai na vikombe viwili. Kimoja akakinywea, cha pili kikakaa kifudifudi juu ya kitambaa. Saa nane akiviosha vyote viwili, kile kikavu pia. Nilimuuliza cha pili cha nani. Akasema, "Cha akiba." Nikaliacha hapo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili na akili zangu zote ziko kwenye harusi ya dada yangu.

Umeme alikuwa akiusikiliza. Enzi zile Pemba ilikula umeme wa majenereta, ukija na kuondoka upendavyo, na Fundi alidai anausikia unavyochoka kabla haujakatika. Tulimcheka, mpaka tukazoea kumwona anainuka ghafla, anaizima mashine kwa utaratibu wake, na dakika mbili baadaye feni zinasimama. Kabla ya kuzima aliandika amri ya kuhifadhi kazi diskini, na aliiandika mara tatu, ingawa moja ilitosha. Nilimuuliza na hilo. "Ya kwanza ya mashine," akasema, "ya pili ya mtu, ya tatu ya Mungu."

Na kati yetu sote alinifundisha mie peke yangu. Ilikuwa Ramadhani, ofisi imelala, vibarua wamesinzia barazani, nami nimeingia chumbani kwake kwa sababu ya baridi, nisiseme uongo. Nilivua viatu bila kuambiwa. Akanitazama miguu, akavuta kiti akaniweka mbele ya mashine. Nikamuuliza swali la kitoto: kila mtu akijifungia wewe unamfungulia, je ukijifungia wewe?

"Kila nyumba ina mlango wa uani," akasema.

Akaizima, akaiwasha, na ilipokuwa inaamka akanionyesha pa kuikatiza na la kuandika. Ikaamka namna nyingine kabisa. Hakuna mtandao, hakuna majina yetu, hakuna programu ya orodha, skrini nyeusi na alama moja inapepesa. "Hii inaitwa hali ya mtu mmoja," akaniambia. "Mashine yote na mtu mmoja aliyekaa mbele yake. Haikuulizi wewe nani. Inakuona tu umekaa hapa." Mashine ile ya zamani kweli haikuuliza neno la siri ukiiingia hivyo. Akanifundisha kuwa disk inaamka ya kusomwa tu, uiruhusu kwanza iandikwe, ndipo ubadilishe neno la siri la mwenye nyumba na kufuta hesabu ya makosa. Nilirudia mara mbili mbele yake. Kisha akaniambia, "Huu si mlango wa kila siku. Mtu mwenye adabu anapita mbele, anabisha."

Baada ya Ramadhani ile nilikuwa nikiingia mara kwa mara. Kisha nikahamishiwa meza ya upande wa barabarani, nikaolewa, nikazaa, nikaacha kuingia. Sikuacha kwa ugomvi wowote. Mtu unaacha tu.

Sasa la mama. Alikuja Mkuu kutuambia asubuhi kwamba Fundi kafiwa na mama yake, maziko baada ya adhuhuri, huko Chokocho. Nanyi mnajua kwetu msiba ni nini. Mtu hata mkiwa hamsemezani, akifiwa unakwenda, unaketi, unasema pole, basi. Usipokwenda umemwambia kitu, na hakihitaji tafsiri. Lakini siku hiyo walikuwa wanakuja wageni wa mradi kutoka Unguja, chombo kimeshatia nanga, na Mkuu akasema twende kesho. Tukakaa na wageni. Tukala pilau. Kesho yake kukawa na ripoti, kesho kutwa kukawa na mvua, na siku ya hitima ilipofika kila mmoja alidhani mwenziwe kakwenda. Hakwenda hata mmoja. Nami ni mmoja wao.

Fundi alirudi kazini baada ya juma moja. Akavua viatu, akaingia. Miezi minne baadaye umri wake wa kustaafu ukafika, akakabidhi funguo za chumba, akachukua chupa yake ya chai, akaondoka. Hatukumfanyia hata chai ya kuagana. Aliacha jiwe lake mlangoni. Neno la siri la mwenye nyumba hakulitoa, na la ajabu ni kwamba hakuna aliyelikumbuka kuliomba.

Tulilikumbuka mwezi wa tatu baada ya yeye kuondoka. Umeme ulikatika bila wa kuusikiliza, ukarudi, mashine ikaamka, lakini programu ya orodha haikuamka, na mwenye ruhusa ya kuiamsha ni mwenye nyumba peke yake. Hiyo ilikuwa Alkhamisi. Jumatatu tulikuwa tunaanza kugawa dozi ya pili skuli za kusini. Bila orodha tusingejua nani apewe nani asipewe, na kidonge kile hakitolewi kwa kubahatisha, kinapimwa kwa mtoto.

Mkuu akakaa kwenye kibodi mwenyewe. Akaandika Chokocho. Ikakataa. Akaandika jina la mradi. Ikakataa. Bi wa dawa akasema jaribu zile tarakimu za Bismillahi, 786. Ikakataa, ikajifunga. Nikawaambia imeshajifunga sasa, hata mkilipata halitasaidia, lakini nani anamsikiliza mpiga chapa. Wakaendelea. Jaribu timu yake ya mpira. Ana timu gani? Tukatazamana. Mmoja akasema Fundi hapendi mpira, mwingine akasema kamwona uwanjani. Jaribu jina la mke. Mkuu akauliza, "Ana mke?" Bi wa dawa akasema anao wawili. Dereva akasema alikuwa naye mmoja, wakaachana. Mie nilidhani hakuoa kabisa. Miaka tisa, watu watano chumbani, na hatukuweza kukubaliana kama mtu ana mke. Niliona haya, na haya hiyo bado ninayo.

"Basi mtu akamuulize," akasema Mkuu.

Kila mmoja aliangalia kucha zake. Ikapendekezwa dereva apeleke barua. Hapo maneno yakanitoka: "Mtu hukumzikia mama yake, leo umwandikie barua ya kumwomba ufunguo? Barua hiyo ataisoma vipi?" Mkuu akakasirika, lakini barua hakuiandika. Nikasema niacheni, nitaingia kwa uani. Niseme kweli, sikusema hivyo kwa ushujaa. Kukaa na mashine kulikuwa rahisi kuliko kwenda kumtazama Fundi usoni.

Jumamosi nilikuja peke yangu. Nikavua viatu. Kwa kuwa sikuwa na mamlaka ya kuizima kwa heshima, niliizima kwa swichi, jambo ambalo lingemliza Fundi. Ilipoamka nikaikatiza pale pale aliponionyesha, nikaandika alichonifundisha. Mashine, kwa ule uzimaji wangu wa kihuni, ikaanza kuikagua disk yote kipande kwa kipande. Ilichukua zaidi ya saa. Nikatafuta cha kufanya, nikavuta droo ya meza, nikakuta daftari lake.

Lilikuwa daftari la skuli, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama waandikavyo wazee. Nilisoma chuo cha Kurani, ninazijua. Nilitarajia, nawaambieni kweli, kukuta neno la siri. Halikuwemo, mtu huyo hakuwa mnafiki wa maneno yake. Ilikuwa kumbukumbu ya mashine, mstari mmoja kwa siku. Umeme umekatika mara mbili. Disk ina joto. Akaunti ya Bi wa dawa imejifunga, nimeifungua. Na mwisho wa kila mstari aliandika nani kaingia chumbani. Mkuu kaingia, dakika mbili. Binti wa chapa kaingia, kakaa mpaka adhuhuri. Huyo ni mimi. Binti wa chapa kaingia. Binti wa chapa kaingia, kanywa chai. Nilisahau kabisa kwamba niliwahi kunywa chai mle. Kisha nikafunua, nikafunua, na jina langu likakoma. Hakuingia mtu. Hakuingia mtu. Kurasa nzima. Hakuingia mtu. Wiki ya msiba haikuwa na kitu. Siku aliyorudi aliandika: Mashine salama. Nimerudi. Hakuuliza mtu.

Nililia mle ndani, peku, mbele ya skrini nyeusi. Mashine ilipomaliza kujikagua nikaandika neno jipya la siri na ikanikatalia, kwa sababu nilisahau kuiruhusu disk iandikwe. Nikafuta machozi, nikaanza tena. Safari hii ikakubali. Nikafuta hesabu ya makosa, na nilipofika pale panapopangwa idadi ya kukosea, nikafuta tatu nikaweka tano. Sijui kwa nini. Nadhani nilimwonea huruma Bi wa dawa, au nilikuwa na hasira na Fundi kwa kutotutukana. Nikahifadhi mara tatu. Jumatatu tukagawa vidonge, na Mkuu akanisifu mbele za watu, sifa zisizonishuka kooni.

Ikanichukua miezi minane kwenda Chokocho. Miezi minane! Kila Ijumaa nilisema wiki ijayo. Aibu ya kuchelewa hukufanya uchelewe zaidi, na mwenye kuijua anaijua. Mwishowe nikapanda gari ya Kengeja, nikashuka, nikamalizia kwa miguu, na njiani nikajitungia uongo. Nitamwambia mashine imejifunga. Nitamwomba ufunguo. Nitampa angalau hilo, kwamba tulimhitaji.

Nyumba yake ilikuwa ya bati, nje imefagiliwa. Barazani kulikuwa na viti viwili. Kimoja kimekaliwa mpaka kimebonyea, cha pili kizima, juu yake ungo wa makopa ya muhogo yamekauka. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha ya pili, ya tatu. Hodi ni tatu, aliyenifunza ni yeye. Nikageuka, nikapiga hatua kama kumi mpaka mgombani, nikasimama. Nikarudi, nikabisha ya nne.

Akatoka anafuta mikono. Alikuwa amekonda, ndevu zote nyeupe. Akanitazama muda, kisha akautoa ungo kwenye kile kiti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Karibu kuno, kaa."

Tukakaa barazani, mbele za watu, kama ilivyo adabu. Akaniuliza hali, watoto, Bi wa dawa na vidole vyake. Nikamwambia wote wazima. Kisha nikautoa uongo wangu: "Fundi, mashine imejifunga. Nimekuja kukuomba ufunguo wa mwenye nyumba."

"Mmebisha mara ngapi?"

"Nyingi."

"Basi ufunguo haufai tena. Hata mimi singeingia. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mjukuu wa huyo jirani kanywa kidonge mwezi uliopita. Karatasi niliiona. Jina lake limechapwa, na skuli yake, na uzito wake." Hakunitazama. "Orodha hiyo mmeitoa wapi, binti?"

Nikakosa pa kuweka uso. Nikamwambia yote. Niliingia kwa uani, Fundi, kama ulivyonionyesha. Ufunguo sikuufuata. Nimekuja kwa ajili ya mama. Sikuja kuzika, sikuja hitima, nilikuwa nakula pilau na wageni. Nimekuja kukupa pole, na nimechelewa, na sina udhuru.

Akainua mikono, nami nikainua yangu, tukamsomea mama Fatiha. Alipopangusa uso akasema, taratibu, kama mtu anayetoa ripoti, "Ni makusudi sikuliacha neno la siri. Nilijua mtakwama. Nikasema watakuja wao, hawana njia. Kiti hicho nimekitoa nje siku niliyostaafu. Mlango wa uani nilikufunza mwenyewe, nikasahau."

"Nisamehe, Fundi."

"Ulifanya kazi vizuri. Disk uliiruhusu kwanza?"

"Nilisahau, nikarudia."

Akatabasamu kidogo. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya chai na vikombe viwili. Vyote viwili akavigeuza, akavimiminia chai. Tukanywa. Jua lilipoanza kupinda nikaaga, maana gari ya mwisho haingoji mtu. Akanisindikiza mpaka mgombani. Ufunguo ulikuwa neno gani sikumuuliza, naye hakuniambia.

Pale mgombani akasimama. "Ile hesabu ya makosa, uliiacha tatu?"

Niliogopa kumwambia. "Tano," nikasema.

Nilingoja anifunze tena adabu ya hodi. Akaangalia nyumba yake, baraza, vile viti.

"Ulipobisha leo niliisikia ya kwanza," akasema. "Nikasema hiyo ya kwa jirani. Ya pili nikasema hivyo hivyo. Ya tatu nikainuka, nikasimama nyuma ya mlango, nikakusikia unaondoka. Iache, binti. Iache tano."